Nani Aende na Marehemu Kidevu?

Sogeeni, nafasi ipo. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, usinizibie mwanga. Nina kesi hapa, tena kesi ya kuua mtu, kwa hiyo nataka wenye akili timamu. Sikilizeni kwanza, kubishana baadaye. Atakayenikatiza nanyamaza, mwisho mkautafute kwa majirani.

Muheza palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwalimu Shekalaghe, mstaafu, alikuwa na kipaji cha kuchukia: akichukia kitu asubuhi, adhuhuri mji mzima umeshajua. Bi Mashavu wa bagia alikuwa na kipaji cha kuwarudisha watu: hajazaliwa aliyekula bagia zake mara moja akatosheka. Na Sufiani mchimba makaburi alikuwa na kipaji kisichofaa hata kidogo kwa kazi yake, kipaji cha kucheka.

Wa nne ndiye mwenye shida. Bi Mwanahawa alikuwa mkunga. Miaka thelathini aliwapokea watu wakija duniani, na alipostaafu akanunua madaftari akaanza kuwaondoa. Kitabu chake cha kwanza kiliitwa *Marehemu Kidevu Hajashiba*. Maiti anafufuka siku ya tatu ya matanga yake, anakuta watu asiowajua wanajipakulia pilau yake mara mbili mbili, basi anawafuata mmoja mmoja. Huyu kamtwanga kwa mchi, yule kamzamisha ndani ya sufuria la mchuzi, na kila akiua anauliza, "Umeshiba sasa?" Watu walikisoma mpaka majalada yakang'oka. Na kila mtu Muheza alikijua kile kidevu kilikuwa cha nani. Kilikuwa cha Mzee Rajabu, mume wa Bi Mwanahawa mwenyewe.

"Dada, huoni vibaya kumfanya mumeo muuaji?" wanawake wenzake walimuuliza.

"Uhai wake wote hakuua hata mende," aliwajibu. "Mwacheni ajifurahishe."

Alilokuwa hawaambii ni hili. Siku ya mwisho ya Mzee Rajabu waligombana kwa ajili ya chumvi. Yeye alisema kisamvu kimekolea, mzee akasema hakijakolea. Mzee akavaa kofia yake, akasimama mlangoni na kidevu chake juu, akasema, "Nitakujibu nikirudi." Akaanguka njiani akielekea msikitini, akafa hapo hapo, wakamrudishia mkewe kofia peke yake. Bi Mwanahawa alikuwa bado anangoja jibu. Ndiyo maana alimrudisha kwa kalamu, na jibu lenyewe alikuwa amelitunza kwa kitabu cha tatu.

Ila cha pili kikamkwamisha. Kiliitwa *Marehemu Kidevu Kasahau Kofia*: kofia ya marehemu imetolewa sadaka, na kila anayeivaa marehemu anamjia kuidai, na hadai kwa upole. Damu ilikuwa nyingi kuliko cha kwanza, na vichekesho pia. Lakini watu wakaingiwa na hofu. Walisema marehemu akirudi mara moja ni hadithi, akirudi tena huo ni uchuro, usije ukaingiza balaa nyumbani. Wengine walisema cha kwanza kilikuwa kizuri zaidi, na hao wengi wao hata cha kwanza hawakukisoma.

Bwana Semkiwa mchapaji akamwita. "Bi Mwanahawa, vitabu mia tatu vimenijazia duka, mpaka paka wangu hana pa kulala. Mwezi wa mfungo ukiandama navyo vipo, nawapa wauza karanga wafungie. Na hicho cha tatu usiniletee, samahani."

Bi Mwanahawa akarudi nyumbani, akaketi kitandani, akaitazama kofia kwenye msumari wake. "Basi ndiyo hivyo," akaiambia. "Utakaa huko huko na jibu lako." Akalia sana, kilio ambacho hakukilia hata siku ya arobaini. Alipomaliza akanawa uso, akachukua karatasi kubwa, akaenda kuibandika mlangoni kwa Semkiwa: ATAKAYEKIOKOA KITABU HIKI, NITAMUUA MIMI MWENYEWE KATIKA CHA TATU, KWA JINA LAKE KAMILI.

Nusu ya mji ikasema, "Mungu apishe mbali!" Nusu nyingine ikauliza kama mtu anaruhusiwa kuchagua atauawa na nini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtakapogombania.

Mwalimu Shekalaghe alinunua kitabu ili ahesabu makosa. Siku ya pili akaingia kwa kinyozi, kulikojaa watu, akafungua karatasi aliyoandika kwa wino mwekundu. "Kitabu hiki ni aibu!" akasoma. "Ukurasa wa arobaini na moja, bwana harusi kavaa kofia ya watu, marehemu kamwinamisha kwenye mbuzi ya nazi, anamkuna kichwa! Anakamua tui la kwanza! Anakamua tui la pili! Halafu mwandishi, bila haya, anatuarifu kwamba la pili lilikuwa jepesi! Nimeusoma ukurasa huo mara nne, na mara zote nne ni wa kishenzi!" Mtu mmoja akainuka kitini na povu shavuni, nusu kanyolewa, nusu bado. "Ukurasa wa ngapi, mwalimu?" Kufika adhuhuri foleni ya kwa Semkiwa imepinda kona, na kila aliyefika dirishani alisema, "Nataka kile cha kishenzi."

Bi Mashavu hakukisoma kabisa. Semkiwa alimpa kurasa zilizoharibika mashineni, naye akafungia bagia. Ukimuuliza kitabu anakionaje alisema, "Kizuri, karatasi yake hainywi mafuta." Lakini watu walikula, wakafungua, wakasoma. Kesho yake wakarudi mbio. "Bi Mashavu, leo nifungie ukurasa wa sitini na tatu. Jana umeniacha na mtu yuko ndani ya kinu, na mchi umeshainuliwa!" Naye akajibu, "Mwanangu, mimi nauza bagia, sichagui maiti. Mwenzio ndiye kaondoka na mchi." Wakaanza kubadilishana kurasa zenye mafuta pale pale barabarani, wakagombana, wakakosa mwisho. Bi Mashavu akachoka. "Nendeni kwa Semkiwa mkanunue kizima, mniache nikaange!" Wakaenda.

Sufiani yeye alikisoma akipumzika ndani ya kaburi alilokuwa akilichimba, maana alisema mle mna kivuli kizuri. Kaburi lilikuwa la Mzee Mwinjuma, fundi cherehani, mtu aliyevipenda vitu vyake kupita kiasi. Alasiri wakaja kuzika. Sufiani yuko chini anapokea mwili, mara mtu aliyeinama juu kofia ikamtoka, ikaanguka mle ndani. Sufiani akauma midomo. Akaziba pua. Haikusaidia. Akacheka mpaka akajiegemeza ukutani mwa kaburi.

Mtoto mkubwa wa marehemu akamkamata kola. "Unamcheka baba yangu?"

"Wallahi simcheki baba yako! Naicheka kofia!" Na ilimbidi aeleze kila kitu, kichwa chake tu ndicho kinachoonekana juu, na watu wamenuna wamemzunguka. Yule mtoto alijitahidi kukasirika. Alijitahidi kweli. Lakini mabega yakaanza kumtikisika. "Baba angeifuata," akasema, machozi yanamtoka. "Baba kwa kofia yake angeifuata hata mahakamani." Matanga yale walikisoma mkekani kwa zamu, na kila aliyekuja kuhani akaondoka kwenda kununua chake.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, duka la Semkiwa likawa tupu na paka amelala katikati. Semkiwa alikuwa amemuuliza kila mnunuzi nani kamtuma, akachora alama ukutani kwa chaki. Mia moja kwa Mwalimu. Mia moja kwa Bi Mashavu. Mia moja kwa Sufiani. "Nimehesabu mara mbili," alisema. "Hata mimi imenikera."

Wote watatu wakafika barazani kwa Bi Mwanahawa.

"Mimi sikuwa na nia ya kukiokoa," alisema Mwalimu, "lakini nimekiokoa, na haki ni haki. Uniue. Ila uniue kwa Kiswahili sanifu."

"Mie nilisema uchuro na bado nasema uchuro," alisema Bi Mashavu. "Lakini kama ni huyu atakayeuawa, ana nini cha kunishinda mimi? Nichovye kwenye mafuta ya moto, mradi uandike kwamba bagia hazikuungua."

"Nimezika watu wote wa mji huu," alisema Sufiani, "na mimi sijauawa hata mara moja."

"Si uwaue wote watatu?" Semkiwa akashauri. "Wewe hushindwi."

Bi Mwanahawa akatikisa kichwa. Akaingia ndani, akatoka na daftari na kofia. "Siwezi," akasema. "Kitabu cha tatu ndicho cha mwisho. Marehemu anaua mtu mmoja tu, anapata kofia yake, anamshika huyo mtu mkono, wanaondoka pamoja. Harudi tena." Akaifuta kofia vumbi lisilokuwepo. "Huyo ndiye atakayekaa naye huko. Jamani, mimi namchagulia mume wangu mwenzake."

 

Mwalimu akavua miwani. "Miaka ishirini tumecheza bao na Rajabu, hatukukubaliana hata siku moja, hata juu ya siku yenyewe ni siku gani. Tangu afe nabishana na redio. Mimi ndiye nimfuate."

"Huko mtakula mabishano?" alisema Bi Mashavu, sauti imempungua. "Pilau ya matanga yake niliipika mimi. Nilimpikia wakati yeye hayupo kula. Linaniuma mpaka leo."

Sufiani hakucheka. "Kaburi lake nililichimba mimi. Kila nikikutana naye alikuwa ananichekesha. Siku ile nilimpokea mikononi, nikangoja, hakusema kitu. Ananidai kicheko, na mimi namdai."

Bi Mwanahawa akawatazama mmoja mmoja, kwa jicho lile alilokuwa akiwatazamia waume wanaongoja nje ya chumba cha kuzalia. "Nitawauliza swali moja," akasema. "Mkifika huko atawauliza kisamvu changu cha siku ile kilikuwa na chumvi ya kutosha au hakikuwa nayo. Namjua, atauliza. Mtamjibu nini?"

"Nitamwambia hakikuwa nayo," alisema Mwalimu. "Papo hapo atabisha kwamba ilitosha. Atakutetea mpaka siku ya kiama, na hatajua kama anakutetea."

"Nitamwambia ilitosha," alisema Bi Mashavu. "Na akifungua mdomo nitamwambia arudie kula mpaka aione."

"Mimi sitamjibu," alisema Sufiani. "Nitacheka. Ataniuliza nacheka nini, nitashindwa kumwambia, naye ataanza kucheka. Chumvi ataisahau."

Bi Mwanahawa akacheka, na huku anacheka akalifunika jicho moja kwa upande wa kanga. Akaiweka kofia gotini. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho, akaandika pole pole, wote wanaona: *Marehemu Kidevu akavaa kofia yake, ikamkaa vizuri, akamshika mkono…*

Hapo kalamu ikasimama, na hapo ndipo ilipo mpaka sasa. Semkiwa ameshawasha mashine. Wale watatu wamekaa barazani wamenyoosha shingo, kila mmoja anaomba afe yeye.

Haya, midomo nimeifungua, semeni. Msiniambie waende wote. Mama wa watu keshasema mmoja. Msiniambie wapige kura, maana kila mmoja atajipigia mwenyewe. Na wewe wa mlangoni, uliyenizibia mwanga tangu mwanzo, tuanze na wewe: angekuwa ni mtu wako aliyesema "nitakujibu nikirudi" asirudi, ungempelekea nani?