Ubeti wa Fisi

Sikilizeni yaliyomkuta Chiriku, mwimbaji wa bonde la Ngelele, mwaka ambao vuli na masika zote zilikataa kuja. Mito ilikauka, likabaki bwawa moja tu mpakani. Ng'ambo yake waliishi Nyati. Nyati walikunywa asubuhi, raia wa Simba jioni, na hakuna aliyekufa kiu. Lakini Simba aliona ni aibu mfalme kungoja zamu. Akatangaza vita na kuitisha mkutano.

Wakaja kobe wawili, na mmoja wao alikuwa amepotea njia.

"Wengine wako wapi?" Simba akauliza.

"Kwa Chiriku, Mtukufu, wanacheza ngoma," akajibu Fisi, msemaji wake. "Niachie mimi."

Fisi akamwendea Chiriku na kapu la mtama. "Dada, ule wimbo wako wa bwawani unapendwa sana. Ongeza ubeti mmoja tu, useme Nyati wametia maji sumu."

"Wametia kweli?"

"Kazi yako kuimba, Dada. Mambo ya kweli tuachie sisi wa serikali."

Chiriku alikuwa hajala siku mbili. Akaimba.

Ubeti ukashika kama moto wa nyika. Nyani waliuimba mitini, ngiri waliuimba wakichimba mizizi, na Simba mwenyewe akaanza kuuamini. Wa kwanza kujiandikisha vitani alikuwa Mwepesi, mume wa Mama Digidigi, jirani yake Chiriku. Aliondoka akirukaruka, wimbo mdomoni. Hakurudi.

Chiriku akamfuata Fisi. "Kaka, mbona wanaokwenda hawarudi?"

"Imba kwamba wamebaki huko wanasherehekea ushindi," Fisi akasema, akijipangusa mdomo.

Hapo Chiriku akamtazama vizuri. Wote walikuwa mifupa mitupu mwaka ule, ila Fisi tumbo lilikuwa likiburuzika chini. Akaondoka bila kuaga, hadi kwa Sungura, ambaye kila alfajiri alijipenyeza kunywa na Nyati.

"Hata Nyati wanauimba wimbo wako," Sungura akamwambia. "Ila kwao aliyetia sumu ni Simba."

"Nani kawafundisha?"

"Mgeni mmoja anayechechemea. Anakula maiti wa pande zote mbili, na wakipungua anakwenda kuimbisha tena."

Chiriku akakumbuka kwamba ubeti ule aliuimba yeye, kwa sauti yake. "Nikifanya ngoma bwawani, Nyati watakuja?"

"Nitawaleta mimi. Wewe mwambie Simba ni ngoma ya kumsifu, utaona atakavyowahi."

Simba akawahi kweli, na Fisi nyuma yake. Raia wakakaa upande huu, Nyati upande ule. Chiriku akaanzisha wimbo, wote wakaitikia. Alipofika kwenye ubeti ule akanyamaza, akawaachia.

"Nyati wametia sumu," wakaimba huku.

"Simba ametia sumu," wakaimba kule.

Ngoma ikakatika. Wakabaki wakitazamana.

"Sisi tulifundishwa na huyo," akasema Nyati mmoja jike, akielekeza pembe kwa Fisi, aliyekuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume.

Simba akashuka hadi majini, akanywa mbele ya wote. Maji yalikuwa matamu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba naye, mfalme mzima, alikuwa amechezeshwa.

Nyati na Simba walimfukuza Fisi bega kwa bega, hadi jangwani ambako hakuna wa kumsikiliza. Zamu za maji zikarudi.

"Sasa nitungie wimbo," Simba akamwambia Chiriku, "useme mimi ndiye niliyemaliza vita."

"Niwie radhi, Mtukufu. Leo nina majina ya kuimba."

Akaruka, akatua karibu na Mama Digidigi, akaanza na Mwepesi. Ng'ambo, Nyati wakaanza kuyataja ya kwao. Simba akasikiliza, kisha polepole akaketi chini kama wengine.