Mgongo wa Lubinza

Kijiji kimoja kilikuwa na ngoma ya mavuno, na mtu mmoja tu aliyebaki akiijua yote. Mtu huyo aliitwa Lubinza. Alifunga njuga miguuni tangu ujana wake, na kila mwaka, mtama ulipokwisha kuingia ghalani, ndiye aliyesimama mbele ya wachezaji na kuwaongoza. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kwa miguu kumtazama. Lakini wenzake wa rika lake walikuwa wamekufa au kuhama, na mwaka ule goti lake la kulia likaanza kulia kama mlango mbovu. Lubinza akaogopa. Hakuogopa kufa; aliogopa kufa na ngoma.

Basi akatangaza kwamba atafundisha, na kwamba hatamfukuza mtu. Wakaja watoto, wengine wameacha kunyonya juzi tu. Wakaja vijana, na mbele yao Ngassa, aliyeijua nusu ya ngoma na kujivunia yote. Wakaja na wanawake wazee, akiwamo Bibi Milembe, ambaye alimwona Lubinza akizaliwa na hakuacha kumkumbusha. Lubinza alipoona uwanja umejaa, moyo wake ulitulia. Alidhani kazi kubwa imekwisha.

Desturi ya ngoma ile ni kwamba kiongozi hutangulia, uso wake kwa wageni na mgongo wake kwa wachezaji, nao hufuata miguu yake. Lubinza hakujua namna nyingine ya kusimama. Akawapa mgongo, akamwashiria mpiga ngoma, akaanza. Alicheza kwa kasi aliyoizoea, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, wala hakupunguza kitu, maana aliona kupunguza ni kuiba. Nyuma yake alisikia miguu ikigongana. Akapaza sauti wafuate. Alipoisikia tena ikigongana, akazidi kucheza vizuri, akiamini kwamba aliyeona uzuri ataushika.

Watoto walianguka, wakalia. Wazee waliishiwa pumzi kabla ya wimbo wa pili. Ngassa na wenzake walichoka kurudia wanachokijua, wakaongeza madoido yao, kisha wakayachoka na madoido. Wakaondoka mmoja mmoja, kimya kimya na kwa adabu, kwa sababu hakuna aliyetaka kumkatiza mtu mzima akicheza. Mpiga ngoma aliwaona wote wakienda. Akaendelea kupiga. Kazi yake ilikuwa kutazama miguu ya kiongozi, na miguu ile haikukosea.

Siku moja Lubinza alicheza kuliko siku zote. Hata goti alilisahau. Alipomaliza, jasho likimtiririka, akageuka aone wamefika wapi. Ukimwacha mpiga ngoma, uwanja ulikuwa mtupu. Vumbi lilikuwa likitua, na Bibi Milembe alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akijipepea kwa upindo wa kanga.

"Umecheza vizuri mno, mwanangu," akasema yule bibi. "Mgongo wako sote tumekwisha kuujua, ila wewe sura zetu hujaziona."

Lubinza alikasirika, na nani asingekasirika? Akavua njuga, akaenda zake nyumbani akiwalaumu wote kwa uvivu. Lakini alipotaka kumlaumu kila mmoja kwa kosa lake, hakuweza. Hakujua ni nani aliyekwama, wala alikwama wapi. Hakuwahi kuwatazama. Ndipo hasira ikamtoka, ikaingia aibu, na aibu ile ilimfaa.

Akaamua kuwageukia. Kumbe kazi haikuwa kugeuka tu. Mtu akiwatazama watu, kulia kwake ni kushoto kwao. Ili wao watangulize mguu wa kulia, ilimpasa yeye atangulize wa kushoto, mguu ambao maisha yake yote ulikuwa ukifuata. Akajaribu uani kwake. Ngoma aliyoicheza tangu ujana ikamkimbia. Akajikwaa, akapishanisha miguu, akaangukia kuni zake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni alijua jinsi hatua ndogo inavyoweza kuwa ngumu, na jinsi mtu anavyotamani kuacha na kwenda nyumbani. Yeye alikuwa nyumbani tayari, kwa hiyo akaendelea.

Habari zikaenea kwamba Lubinza hawezi tena kucheza. Watoto wakaja wamcheke. Akawaacha wacheke, kisha akawaambia wasimame mbele yake wajikwae pamoja. Walipomwona mtu mzima akianguka na kuinuka, hawakuona haya tena kuanguka. Baadaye wakawaleta bibi zao, na vijana nao wakaja kuona ni kitu gani kimewarudisha wazee.

Sasa Lubinza akaona. Aliona kwamba mruko wake mmoja ulikuwa mrefu mno kwa miguu mifupi, akawapa watoto hatua ya mwanzo peke yake pamoja na wimbo wake, mpaka wakawa wanaicheza wakienda kisimani. Aliona kwamba Bibi Milembe hakuweza kukunja magoti, lakini mabega yake hayakupoteza pigo hata moja. Akawaambia wanawake wazee wacheze kwa mabega, hata wakiwa wameketi, na yeyote atakayepotea awatazame wao. Aliyemsumbua ni Ngassa. Kijana yule alizijua hatua nyingi na hakuisikia ngoma. Alikuwa akijisikia mwenyewe. Lubinza alimtazama kwa muda mrefu, kisha akacheka, kwa kuwa alijiona. Akamkabidhi watoto waliokuwa wakichelewa kushika, akamwamuru awafundishe akiwa amewaelekea. Ngassa alinuna. Lakini naye mguu wa kushoto ulimwangusha mbele ya wale watoto, na tangu hapo akaanza kuisikia ngoma.

Wako ambao hawakurudi tena, na Lubinza aliwasikitikia, maana alijua kosa halikuwa lao.

Mavuno yakafika, wageni wakaketi. Wachezaji wakaingia, watoto kwa hatua yao fupi, vijana kwa miruko, wazee kwenye vigoda wakitikisa mabega, na pigo lilikuwa moja. Hakuna aliyebaki nyuma wala aliyekimbia mbele. Lubinza alikuwapo, amewapa wageni mgongo, akitanguliza mguu wa kushoto taratibu, na uso wake uliojaa furaha wageni hawakuuona. Mmoja wao, aliyetoka mbali, alilalamika sana. Alikuja kumtazama Lubinza. Basi Lubinza yuko wapi, na yule mzee anayecheza kinyume ni nani? Hakupata wa kumjibu. Kijiji kizima kilikuwa kinacheza.

Nawe uliyekabidhiwa watu uwafundishe, wanaoanza na wanaojua, wadogo kwa wazee: wakiulizwa leo mwalimu wao yukoje, watausimulia uso wako, au mgongo?