Hariri ya Mzee Lukindo na Ngozi ya Sudi

Nisikilizeni, kisha mnisaidie kukata shauri, maana mimi limenishinda.

Mzee Lukindo alijaliwa mikono ya kufuma. Hariri yake ilikuwa nyembamba hata ukiiweka juu ya barua unasoma. Heriel alijaliwa elimu ya maabara. Mwasi yeye alikuwa na mtoto mmoja tu, Sudi, wa miaka sita.

Jiko la mafuta ya taa lililipuka, Sudi akaungua mgongo mzima. Hospitalini wakachukua kipande cha ngozi yake iliyosalimika, wakaotesha seli zake, zile chembe hai zinazojenga ngozi. Lukindo akafuma kitambaa cha kuzibebea hadi kwenye kidonda. Lakini hariri ilikuwa laini mno. Seli ziliteleza, hazikushika. Siku ya kumi na tisa Sudi akafariki.

Baada ya matanga Mwasi akaenda maabara.

"Seli za mwanangu nazo zimekufa?"

Heriel akainamisha kichwa. "Hapana, mama. Bado zinaishi."

"Basi usizimwage. Jaribu nazo mpaka zishike."

Heriel akakipitisha kitambaa kwenye hewa iliyotiwa umeme, ili uso wake ukwaruzike kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Zikateleza. Lukindo akafuma kingine. Zikateleza tena. Walihangaika miezi minane, hadi kikabaki kisahani kimoja tu cha seli za Sudi. Hizo zikashika.

Mwasi aliziangalia kwenye hadubini. Wiki iliyofuata zikafa nazo.

Ndipo akaletwa Zawena, binti aliyemwagikiwa uji wa moto kifuani. Seli zake mwenyewe zikapandwa kwenye kitambaa cha namna ile, zikashika, akapona. Mama yake, Nambua, alipojifungua mtoto wa kiume, akawaita Lukindo, Heriel na Mwasi.

"Nataka kumpa jina la aliyemponya dada yake. Lakini jina ni moja."

"Bila kitambaa, seli zingekaa wapi?" akauliza Lukindo.

"Na bila kukwaruzwa, zingeteleza kama za Sudi," akasema Heriel.

Mwasi alikuwa amempakata mtoto. "Sudi hakuacha wa kuitwa jina lake," akasema. "Ila sijui kama nitaweza kulisikia likiitwa, halafu aitike mwingine."

Nambua hajaamua. Mtoto ana siku arobaini leo, bado anaitwa "mtoto".

Nanyi mliokaa hapa, mngemwita nani?