Mgawo wa Mabua

Mpunga ulipokwisha kupurwa, Mzee Mwaipaja, mwenye shamba, aliwatangazia wavunaji mgawo: punje zake, mabua yao.

Tumpe, mjane aliyevuna mwezi mzima akiwa na mtoto mgongoni, aliitikia kwa unyenyekevu. "Asante, Mzee. Ila wenzangu hawajasoma, wanadhani mabua ni ya ng'ombe tu. Waelimishe, mwenyekiti wa kijiji naye asikie."

Mwenyekiti akaitwa. Mzee akakohoa kama daktari bingwa. "Ng'ombe hali wali, na nguvu zake mnaziona. Wali unajaza tumbo tu. Lishe yenyewe imo kwenye mabua."

"Kwa hiyo mabua ndiyo bora?" Tumpe aliuliza.

"Mara kumi."

"Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia."

Tumpe akawageukia wenzake. "Jamani, sisi tumelelewa. Hatuwezi kumnyima mzee wetu kilicho bora. Mwachieni mabua yote, sisi tutavumilia hizi punje."

Mzee akasema haraka kwamba punje nazo zina faida zake.

"Faida gani tena?" mwenyekiti aliuliza. "Si umesema zinajaza tumbo tu?"

Wavunaji wakajitwika magunia ya punje, wakamuaga Mzee kwa adabu, wakamtakia chakula chema.