Kigego wa Nyevu

Tegeni masikio, niwape la kale. Mwana wa Nyevu alianza kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini. "Kigego huyo!" wakamaka wakunga. "Ataumaliza ukoo. Kamtupe!" Nyevu akaenda kumlaza msituni, mlangoni pa pango la zimwi.

Siku ya kwanza maziwa yakamvuja kifuani. Siku ya pili yakamvuja. Siku ya tatu akarudi mbio, akamkuta zimwi akimbembeleza mtoto.

"Nilikuletea umle," Nyevu akalia.

"Nimle mwenzangu?" zimwi akauliza. "Mimi nami nilianza ya juu. Mama yangu hakurudi. Haya, mchukue wako."

Tangu hapo, kila mara mwanawe alipocheka na meno yale kuonekana, Nyevu aliinamisha uso. Ngano imekoma, zimwi bado anamngoja mama yake.