Chumvi ya Babu Yake Kifaru

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na nini?"
"Wewe ndiye uliyekuwako, tuambie!"

Basi palikuwa na mlima uitwao Kiwele, na mlimani palikuwa na chemchemi. Bi Pimbi alizaliwa pale, kwenye mawe. Utotoni mwake maji yalishuka chururu, chururu, na mama yake alimwosha masikio huku akiimba. Asubuhi ukungu ulinukia majani. Siku zile hata kugombana kulikuwa kutamu, maana nafasi ya kununiana ilikuwepo.

Kisha wanyama wakazaana. Mlango wa Kanu ukagusana na mlango wa Sungura. Kila mmoja akakata kijiti chake cha kuni. Lakini Kifaru hakukata kijiti. Aling'oa mti mzima, kacha! Akala majani, akautupa. Akang'oa mwingine, kacha! Mvua zikaosha udongo, tope likafukia chemchemi. Watoto wakaumwa matumbo. Majirani wakaanza kufunga mizigo.

Bi Pimbi akamwendea.

"Shikamoo, Bwana mkubwa. Miti hii ndiyo inayotushikia maji."

"Nilikuomba ushauri, we bibi?" Kacha!

Bi Pimbi akarudi kwenye mawe yake, akamkumbuka mama yake, akalia. Alipomaliza kulia, akafuta pua, akarudi kule kule.

"Bwana mkubwa, nilisahau. Babu yako alizika chumvi mlimani hapa. Magunia na magunia."

Masikio ya Kifaru yakasimama. "Wapi?"

"Kwa mistari inayokatiza mlima, kama mikunjo ya tumbo lako. Ukichimba kufuata mteremko, utaikosa."

Kifaru akachimba kwa pembe, chaka! chaka! chaka!

"Iko wapi?"

"Chini kidogo, Bwana mkubwa."

Akachimba mtaro wa pili, chaka! chaka! chaka!

"Iko wapi?"

"Chini kidogo, Bwana mkubwa."

Ikawa mitaro saba. Nyuma yake Bi Pimbi na majirani walifuata kimyakimya, wakipanda miche kandokando.

Mvua ikaja, shaaa! Maji hayakukimbia. Yalijaa mitaroni, yakatulia, yakazama.

"Chumvi yangu iko wapi?" Kifaru akanguruma.

Bi Pimbi akashika kichwa. "Maskini! Imeyeyuka! Lakini haijapotea. Imeingia ardhini, itapanda na miche hii hadi kwenye majani. Ila mche ukiguswa kabla haujawa mti mkubwa, chumvi yote inarudi chini."

Kifaru akalala palepale, akalinda. Tembo akipita, "Ondoka!" Mbuzi akinyoosha shingo, "Ondoka!"

Mwaka wa tatu maji yakatoka tena, membamba, si kama yale ya zamani. Bi Pimbi alikunywa, akaosha masikio. Mama yake hakuwepo tena kuyaona.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliyeisikia aingie nayo, aliyesinzia abaki nje na mbu.

Na funzo lake, wanangu: msiwadanganye wakubwa kamwe. Mkubwa akiharibu mlima, mwambieni ukweli, kwa adabu, mara moja. Halafu mwonyesheni pa kuchimba.