Mlinzi wa Upele

Hapo zamani, enzi ambazo mtu aliweza kuchapwa kwa kupiga chafya mbele ya jumbe, palikuwa na mji ukiitwa Kiwambani, na mji huo ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Nasoro. Sultani huyu hakuwa mkatili kupita masultani wengine, ila alikuwa na ugonjwa mmoja usio dawa, nao ni kupenda kushukuriwa. Akikupa maji ya kunywa, alitaka umshukuru; akikunyima, alitaka umshukuru kwa kuwa hakukupiga.

Basi Sultani alikuwa na tabibu wake, Sheikh Twalibu, mzee mjuzi wa mizizi na marhamu, naye alikaa ndani ya kasri. Hapakuwa na tabibu mwingine Kiwambani, kwa kuwa Sultani alikwisha piga marufuku. Na mtu hakuweza kumfikia Tabibu mpaka awe na utepe wa kijani uliotariziwa jina lake, aliopewa na Sultani kwa mkono wake mwenyewe. Wakapewa waliompendeza: huyu alitunga kaswida ya kumsifu farasi wa Sultani, yule alijua kucheka kwa wakati Sultani aliposema mzaha. Watu wakiuliza sababu, jibu lilikuwa hilo hilo: "Tiba ni fadhila yangu, si haki ya mtu."

Katika mtaa wa nyuma alikuwako fukara mmoja jina lake Vuai, watu wakimwita Makapi, kwa kuwa walisema hana punje ndani. Hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na ulimi tu, na ulimi haujazi chungu. Aliyekijaza chungu ni mkewe Mwanakombo, msusi wa mikeka, ambaye vidole vyake viliijua njia ya ukili hata akisinzia.

Mwaka huo upele ukaingia mjini. Watu wakajikuna, wakacheka, wakajikuna tena. Lakini upele wa Mwanakombo ukatunga usaha, vidole vikavimba hata visiweze kushika tonge, na homa ikampanda. Ikawa Vuai humlisha kwa mkono wake, na yeye aliyezoea kuchekesha baraza nzima akawa hana la kusema. Aliogopa. Dawa kila mtu aliijua: ni marhamu ya kiberiti upele, na Tabibu alikuwa nayo mitungi kumi na miwili, imepangwa ukutani inakusanya vumbi.

Ijumaa ilipofika, baada ya swala, watu wakaruhusiwa kuingia barazani kumbusu Sultani mkono, kama ilivyokuwa desturi. Vuai akapanga mstari nao. Alipofika mbele akaushika ule mkono kwa heshima, akaziona kucha za Sultani, ndefu kweli kweli, maana Sultani alizifuga ili ijulikane kuwa vidole vile havijapata kushika jembe. Akaona na jambo la pili, akaliweka moyoni: Sultani alijikuna ubavuni, mara moja, kwa siri, akijifanya anarekebisha mshipi.

"Ewe Makapi," Sultani akasema, "wataka nini?"

"Maulana, mke wangu anaungua kwa homa ya upele. Naomba kijiko kimoja cha marhamu."

"Una utepe?"

"Sina, Maulana."

"Umepata kunitungia kaswida?"

"Nilijaribu, Maulana, lakini njaa haina vina."

Sultani akatabasamu. "Basi rudi kwenu. Dawa yangu ni kama zulia langu, hukanyagwa na niliyemwalika. Kwani hukuwasikia wahenga? Upele humwota asiye na kucha." Akaziinua kucha zake juu watu wazione. "Mimi ninazo, ndiyo maana sina upele. Haya ni maradhi ya masikini. Ndiyo haki pekee niliyowaachia."

Baraza ikaangua kicheko, kila mmoja akimtazama jirani yake ahakikishe hajachelewa. Vuai akaona uchungu, kwa kuwa moyoni alikuwa akimwona Mwanakombo anavyotetemeka chini ya kanga. Lakini uchungu haupaki marhamu. Akaumeza, akauachia ulimi kazi.

"Maulana amesema kweli tupu," akasema. "Dawa ni ya wateule, na upele ni wetu sisi masikini. Basi tuna mashtaka. Upele wetu huu hauna adabu. Mimi sipandi ngazi hizi mpaka niitwe, lakini wenyewe wapanda utakapo, hauulizwi jina wala utepe."

Kicheko kikakatika. Mikono kadhaa ikaingia ndani ya mikono ya kanzu.

"Upele, katika kasri yangu?" Sultani akafoka. "Basi wewe mwenye ulimi ndiwe utakayeuzuia! Kuanzia kesho hata Ijumaa ijayo utakuwa mlinzi wa upele. Upele usipovuka lango langu kuingia, nitakupa utepe wewe na mkeo. Ukivuka, nitaukata ulimi huo niwape paka."

Watu wakacheka upya, kwa maana nani amepata kulinda lango dhidi ya kitu kisicho miguu? Vuai akainama hadi chini.

"Nimepokea, Maulana. Ila mlinzi bila hati ni kinyago. Niandikie kwamba asivuke lango kuingia mtu awaye yote mwenye upele, na askari wanitii katika hilo."

Waziri Mshangama akamnong'oneza Sultani, "Maulana, tuongeze maneno, 'isipokuwa watu wa kasri.'"

"Kwani kasri yangu ina masikini?"

"Hasha, Maulana," Waziri akasema, huku akijisugua kiwiko kwenye nguzo.

"Basi wino ni wa nini?" Hati ikaandikwa kama Vuai alivyotaka, ikapigwa muhuri.

Asubuhi yake Vuai akafika langoni. Hakuja na mkuki wala upanga. Alikuja na mbuzi ya kukunia nazi, ndiyo samani pekee nyumbani kwake yenye kukalika, akaiweka upande wa nje wa kizingiti. Kisha akatandika mkeka kando ya ukuta, akamlaza Mwanakombo kivulini, karibu kabisa na lango.

"Mume wangu," Mwanakombo akasema, meno yakigongana, "nimekutuma marhamu, umeniletea uaskari."

"Vumilia, bibi. Marhamu yaja yenyewe."

"Ina miguu?"

"Itaazima."

Wa kwanza kufika alikuwa mpishi wa Sultani, anatoka sokoni na kapu la samaki, utepe wake wa kijani begani. Vuai akamwambia, "Fungua vidole." Mpishi akafungua kidogo, kama mtu anayefungua mlango kwa mdai. Vuai akachungulia.

"Ni mbu," mpishi akasema upesi.

"Mbu wako hodari, amepanga safu. Kaa pale, nyuma ya mke wangu."

Akaja dobi, naye ni mbu. Akaja mchota maji, kinyozi, mpepea upepo, msoma mashairi. Kiwambani nzima, kumbe, iliumwa na mbu wa aina moja. Askari wakawa wanawakalisha ukutani mmoja baada ya mwingine. Na hapa msikilizaji atauliza: hao wenye tepe, si wangepaza sauti tu Tabibu awaletee marhamu? Wangeweza. Lakini Sultani alikwisha sema upele ni wa masikini, na mtu aliyekesha akitunga kaswida ya farasi hataki kuambiwa masikini. Wakaketi na tepe zao mabegani, wakijikuna kwa zamu, kila mmoja akitazama kwingine mwenzake akijikuna.

Siku ya tatu kasri ikawa haina moshi jikoni. Sultani akala tende, akavaa kanzu ya juzi, ndevu zikamwota ovyo. Akamtuma Waziri atoke amrudishe mpishi kwa nguvu. Waziri akatoka kwa kishindo, akamshika mpishi mkono, na aliporejea naye akaikuta mbuzi ya nazi njiani na Vuai juu yake.

"Fungua vidole, Waziri."

"Wajua mimi ni nani?"

"Nakujua, bwana. Ninaowauliza ni vidole."

Askari wakamtazama Waziri, wakautazama muhuri, wakachagua muhuri. Waziri akaenda kukaa mwisho wa mstari, nyuma ya msoma mashairi, akisema mbu wa mwaka huu wamezidi.

Ndani ya kasri wakabaki Sultani na Tabibu na vijakazi wachache. Sultani alikuwa akijificha nyuma ya pazia anajikuna, na zile kucha zake, badala ya kumfaa, zilimchana. Tabibu akauliza kwa upole, "Maulana, nikutazame?" Sultani akamkemea, "Nani mgonjwa hapa?" Na mitungi kumi na miwili ilikuwa hatua saba tu kutoka kitandani pake.

Siku ya tano Vuai alimtania mkewe kama kawaida, Mwanakombo asimjibu. Akamwekea kitambaa cha maji kipajini, kikakauka upesi. Hapo Vuai akajuta. Alijiona amecheza bao kwa kete isiyo yake, kwa uhai wa mwanamke aliyemlisha miaka yote, kisha yeye akasifiwa kwa maneno. Akaingiwa na wazo la kuangua kilio mbele ya lango, lakini akajua ya kuwa kilio nacho kingeulizwa utepe. Akabaki kubadilisha kitambaa.

Ijumaa ikafika. Sultani hakutaka kutoka, lakini Sultani asiyeonekana msikitini siku ya Ijumaa husemwa amekufa, na ndugu zake huanza kupima kiti chake kwa macho. Akavaa joho la mikono mirefu, akaenda, akaswali, akarudi, na watu wa mji wakamfuata nyuma kama ilivyo desturi. Alipofika langoni, Vuai hakuinuka.

"Fungua vidole, Maulana."

Umati ukasogea karibu.

"Mimi ni Sultani!"

"Ndiwe, Maulana, na hati ni yako. Imesema mtu awaye yote. Nikikupisha bila kutazama nimeasi amri yako, na paka wanangoja."

"Na wewe je? Huna upele?"

Vuai akafungua vidole vyake, vimejaa. "Ninao tele, Maulana. Ndiyo maana nimekaa nje."

Sultani akaipachika mikono kwapani. Jua lilikuwa kali, joho zito, jasho likaanza kutiririka, na ajuaye upele anajua jasho huufanyia nini. Sultani akasimama wima. Akauma midomo. Akainua mguu mmoja, akaushusha. Kisha fadhila na utukufu vikamponyoka kwa pamoja, akaanza kujikuna, mikono yote miwili, ubavuni, tumboni, katikati ya vidole, mbele ya macho ya mji mzima.

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja muuza kashata akasogea, akamwambia, "Pole, mwanangu. Usijikune kwa kucha, utajitoboa." Na neno hilo lilimuuma Sultani kuliko upele, kwa kuwa bibi yule alisema kwa huruma, na hakutaka kushukuriwa.

"Tabibu!" Sultani akapiga ukelele. "Leta marhamu!"

Sheikh Twalibu akatokeza ndani ya lango, macho yake mabovu yakitazama juani. "Nani mgonjwa?"

"Mimi!"

"Una utepe?"

Sultani akajipapasa begani. Tepe zote aliwapa watu. Yeye hakupata kujipa. Akamgeukia Waziri, na Waziri akaushika utepe wake kwa mikono miwili. "Umetariziwa jina langu, Maulana," akasema, akirudi nyuma.

"Twalibu, hunijui?"

"Nakujua, Maulana. Lakini mwaka jana nilimtibu mtu kwa kumjua uso, nawe ukanichapa viboko kumi na viwili. Tangu hapo sitazami uso. Natazama utepe."

"Basi nafuta tepe! Nimezifuta!"

"Kwa sauti, Maulana," Vuai akasema. "Walio nyuma hawasikii."

"Nimefuta tepe! Kila anayeumwa apewe dawa!"

"Kwa fadhila yako, Maulana, au kwa haki yake? Fadhila yaweza kubadilika jioni, jua likipoa."

Sultani alikuwa amejiegemeza ukutani, akijisugua mgongo kwenye mawe ya kasri yake mwenyewe. "Kwa haki yake!" akalia. "Kwa haki, kwa haki, laana iwashukie mbu wote! Leteni mitungi!"

Mitungi ikatolewa yote. Tabibu akatazama mstari mrefu uliokaa ukutani juma zima, akauliza, "Nianze na nani?"

"Na aliye wa kwanza," Vuai akasema, sauti ikimtetemeka kwa mara ya kwanza. Tabibu akapiga magoti mkekani, akaosha vidole vya Mwanakombo, akakamua usaha, akapaka marhamu, akamnywesha dawa ya homa. Wakafuata mpishi, na dobi, na mchota maji, na wengine hata Waziri, na nyuma ya Waziri akasimama Sultani Ghalibu bin Nasoro, zamu yake akiingoja. Zamu ilipofika, Tabibu akasema marhamu haifai kitu mpaka kucha zikatwe kwanza. Akaitwa kinyozi, naye alikwisha pakwa. Sultani akazitazama kucha zake zikianguka vumbini moja moja, mwishowe akacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa jikoni na kipande cha nyama mdomoni.

"Makapi," akasema, "juma limekwisha na upele haukuvuka lango. Chukua utepe wako."

Vuai akaupokea utepe wa kijani, akamshukuru, kisha akauchana vipande viwili akamfungia mkewe vidonda. Wenye tepe wengine walipoona hivyo, wakafungia vya kwao.

Jioni ile homa ikashuka. Mwanakombo akafumbua macho, akaona mitungi mitupu imelala nje ya lango. "Kumbe iliazima miguu," akasema. Vuai akageuka upande mwingine, akalia asionekane.

Tangu siku hiyo, Kiwambani mtu akisema upele humwota asiye na kucha, hujibiwa, "Na mwenye kucha humtoboa." Hekaya yangu imekwisha fika langoni; anayewashwa na afungue vidole.